Lihemba wa Kuokota

"Wenyewe wameshamchukua, mama."

Herieth alikuwa ameinama pale kwenye dirisha la chumba cha maiti, anafungua mfuko. Ndani mlikuwa na suti ya kaka yake, ile aliyovaa kwenye kipaimara cha mwanawe, shati jeupe, na soksi mpya alizonunua stendi asubuhi hiyo hiyo aliposhuka kwenye gari kutoka ziwani. Akanyanyua uso taratibu.

"Wenyewe wepi?"

"Akina Lihemba." Mhudumu alikuwa kijana mpole, mambo haya hakuyaanzisha yeye. "Walifika mapema na gari lao. Mtoto wa marehemu alikuwa nao, ndiye aliyetia saini. Na wale wazee wakatoa vitambulisho, wote Lihemba. Sasa mimi ningewazuia kwa lipi?"

"Lihemba ni mimi! Huyo ni kaka yangu, tumbo moja!"

"Basi wafuate, mama yangu. Wamesema wanazika leo leo, kwao mlimani."

Herieth akaufunga mfuko. Hakulia. Machozi yalikuwepo, yalikuwa karibu kabisa, lakini hasira iliyapita njiani ikafika kwanza.

Kwa asiyeijua Mbinga, jambo hili linataka maelezo kidogo. Huko juu, ukiipita Mkumbi ukaendelea na barabara ya vumbi, kuna mlima unaitwa Lihemba. Wamatengo wa zamani hawakugawana ardhi kwa kamba na vigingi. Waligawana migongo. Mgongo mmoja wa mlima, kuanzia kijito hiki mpaka kijito kile, wanauita ntambo, na ntambo ni wa ukoo. Kwa hiyo mlima ni Lihemba na wenye mlima ni Lihemba, na ukimuuliza mtoto wa pale ni lipi lililotangulia, jina la watu au jina la mahali, atakuona una kasoro kichwani. Sasa huko chini, ziwani, karibu na Lipingo, kuna nyumba moja tu ya wavuvi, Waanglikana, watu wa muhogo na usipa, wale dagaa wa ziwani, nayo ni ya Lihemba. Mtu wa ofisini akikutana na hawa na wale siku moja lazima awaulize kama ni ndugu. Wa ziwani walikuwa wakikaa kimya. Wa mlimani, miaka yote, walikuwa wakicheka.

Meshack Lihemba alikuwa wa ziwani. Tumbo lilimshika, akapandishwa Mbinga hospitali, mwanawe Frederick akakaa naye, na jana yake mchana akakata roho. Herieth alipopigiwa simu alimwambia yule kijana maneno machache tu: kaa hapo, usiondoke, mimi napanga watu wachimbe, kesho napanda na nguo, tunamshusha baba yako. Frederick akajibu, "Sawa, shangazi." Tangu jioni ile simu yake ikawa haipatikani.

Na kule chini kaburi lilikuwa tayari linachimbwa, kando ya la mama yao, juu kidogo ya mchanga ambako maji hayafiki. Kaburi likishachimbwa haliachwi wazi likalala bila mtu. Kila mwanakijiji anajua hilo. Herieth aliwaacha vijana wakiwa kiunoni ndani ya shimo.

Akapanda bodaboda. Njia nzima dereva alikuwa na maneno.

"Mama unaenda kwenye msiba wa Lihemba? Nyie watu mna umoja bwana. Nasikia marehemu katoka ziwani huko, lakini ukoo umesema hapana, mtu wetu arudi kwenye mlima wake. Ingekuwa sisi, tungemwacha huko huko."

"Endesha."

"Naendesha, mama. Nasema tu mna umoja."

"Nimesema endesha! Umelipwa kuongea?"

Hapo ndipo palipopatikana utulivu. Baridi ya mlimani ilimpiga usoni, baridi ambayo watu wa ziwani huwa hawaizoei hata wakizeekea humo. Pande zote mashamba ya ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangwa mteremko mzima kama vyumba vya nyuki, na chini yake kahawa, mibuni imebeba.

Kwenye uwanja wa Mansuetus Lihemba turubai lilikuwa limefungwa, masufuria yapo motoni, maharage yanachemka, wanaume wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kigangoni. Vichanja vya kuanikia kahawa vilikuwa vimesogezwa pembeni kupisha watu. Jeneza lilikuwa katikati, zuri, lina kioo na vishikio vinavyong'aa. Wanawake walipomwona Herieth wakaangua kilio na kuinuka kumpokea, maana ndiyo desturi. Akawapita kama mtu anayepita kwenye majani.

Mansuetus akaja mbio na mikono miwili mbele. Mzee mnene, koti la suti, fimbo, uso wa kufiwa.

"Dada yangu! Dada yangu Herieth! Pole sana, dada. Karibu nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwako! Lihemba si kwako? Umesoma kibao pale njia panda? Kimeandikwa jina lako, dada."

Herieth hakumpa mkono. Macho yake yalikuwa yamempata Frederick, amekaa benchi la mbele na wazee, amevaa koti zito la sufi lililomzidi mabega. Yule kijana akasimama.

"Shikamoo, shangazi."

Salamu ikabaki hewani. Watu waliokuwa karibu waliisikia ikibaki hewani, maana shikamoo isiyojibiwa ina kelele kuliko tusi.

"Simu yako imeibiwa?"

"Iliisha chaji, shangazi."

"Na hilo koti, limekuotea mwilini?"

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, akajikohoza haraka. Frederick akaangalia chini. "Baba mkubwa Mansuetus amenipa. Kwa ajili ya baridi."

"Baba mkubwa!" Herieth alilitema lile neno. "Juzi ulikuwa humjui, leo ni baba mkubwa. Umemuuza baba yako kwa koti, Frederick?"

"Si koti." Kijana sasa na yeye akapandisha sauti, maana aibu ilikuwa imemkaba. "Wamenipa shamba, shangazi. Mibuni ya bondeni, mibichi, inaanza kuzaa. Wamesema mtoto wa Lihemba hawezi kukosa sehemu Lihemba. Kule ziwani tuna nini? Mchanga! Mtumbwi wa baba umeoza, nyavu zimechakaa, usipa wenyewe hautoki kama zamani. Hapa baba akizikwa, na mimi nina pa kusimama."

"Na bibi yako aliyelala kule peke yake? Na kaburi lililo wazi sasa hivi?"

"Kaburi linaweza kufukiwa."

Herieth akamwendea mpaka pua zikakaribiana. Wanawake wakashika vichwa. Lakini hakumpiga. Akamgeukia Mansuetus.

"Nionyesheni mnapomzika."

"Dada, pumzika kwanza, upate uji..."

"Uji utakunywa wewe. Nionyeshe kaburi."

Wakashuka. Mansuetus mbele, Herieth nyuma yake na mfuko wa nguo kwapani, Frederick, katekista, mwenyekiti wa kijiji aliyekuja kuzika, na mkia wa watu wenye udadisi. Wakapita katikati ya kahawa wakafika kwenye makaburi ya ukoo. Pazuri pale. Misalaba ya saruji imepakwa chokaa, majina yote yanaishia kwa neno moja, Lihemba, Lihemba, Lihemba, na upande wa juu eneo kubwa la nyasi tupu. Herieth akapunguza mwendo akidhani wamefika. Mansuetus akaendelea kushuka.

"Mbona tumeyapita?"

"Hapo pamejaa, dada."

"Pamejaa nini? Naona nyasi."

"Pamepangwa kwa wengine. Twende tu."

Wakashuka mpaka chini kabisa bondeni, mahali ambapo udongo unakuwa mweusi na miguu inaanza kuzama. Hapo palikuwa na kijito chembamba, na hatua kadhaa upande wa huku wa kijito, katikati ya mibuni michanga, shimo. Udongo ulikuwa unavuja maji pembeni. Na ng'ambo ya kijito alisimama mwanamume mrefu, kofia ya pama, mikono kifuani, anawaangalia wachimbaji kama mtu anayeangalia ng'ombe wa jirani ndani ya mahindi yake.

"Ndiyo huyo mwenye maiti?" akauliza kwa sauti. "Mama, pole na msiba. Mimi naitwa Raimundi. Bonde unalokanyaga ni la babu yangu."

"Nyamaza, Raimundi," alisema Mansuetus. "Heshimu msiba."

"Nauheshimu! Ndiyo maana nashangaa. Wiki ijayo baraza la ardhi la kata linakuja kuangalia mpaka hapa hapa. Wiki hii mnaleta maiti. Mmebahatika kweli, Mansuetus. Kesi imewakuta mmefiwa."

Herieth alisimama kando ya lile shimo, na mambo yote yakamkalia sawa kichwani kama mtu aliyewashiwa taa. Kwenye baraza shahidi anaweza kununuliwa. Mti unaweza kupandwa juzi ukaambiwa ni wa babu. Lakini kaburi ni kaburi. Huku milimani, mahali ukoo ulipomlaza mtu wake, hapo maneno yamekwisha, hakuna mwenyekiti wa baraza atakayesema lifukuliwe. Shida ya akina Mansuetus ilikuwa moja tu: mwaka ule walikuwa wazima wote. Hawakuwa na maiti. Na hata wangekuwa nayo, nani angekubali mama yake alazwe peke yake kwenye tope, mbali na wenzake? Basi wakasikia hospitali kuna mtu kafa, jina lake Lihemba.

"Frederick," alisema kwa sauti ya chini. "Hii ndiyo mibuni waliyokupa?"

Kijana akaangalia miguu yake inavyozama kwenye udongo mweusi.

"Wamekupa kesi, mwanangu. Wamechukua baba yako wakamfanya kigingi cha mpaka, na wewe wakakuvalisha koti."

"Dada Herieth, maneno gani hayo!" Mansuetus alikuwa ametoka jasho pamoja na baridi yote ile. "Meshack ni damu yetu. Sote Lihemba. Jina ndiyo damu. Wewe ni mtu mzima, usivunje ukoo mbele ya watu."

Sasa hapo ndipo alipokosea. Angesema kingine chochote. Angesema tumekosa mahali, angesema tusaidie, pengine Herieth angebaki na matusi tu. Lakini alitaja damu.

Herieth alikuwa mtoto bado, mwaka ule wa njaa, ziwani hakuna muhogo, hakuna kitu. Baba yao, Rodrick, alibeba kapu la usipa kichwani, na Herieth naye akambebesha fungu lake, wakapanda miteremko kwa miguu kuja kutafuta mahindi. Wenzao walikwenda kwa watu wasiowajua. Rodrick akasema hapana, sisi tunakwenda kwa wenzetu, kuna mlima unaitwa kama sisi. Wakafika uwanja huu huu. Rodrick akavua kofia akasema, "Shikamooni. Na sisi ni Lihemba." Mzee Bartholomayo, baba yake Mansuetus, alikuwa ameketi anakunywa komoni. Alimwangalia yule mvuvi juu mpaka chini, akacheka mpaka pombe ikamwagika. "Lihemba gani wewe? Wewe ni Lihemba wa kuokota! Babu yako alikuwa kibarua wetu wa kahawa, alikuwa analala na mbuzi. Jina ameliokota hapa chini kama mtu anavyookota ganda la muwa." Wakampa mahindi yaliyobunguliwa na wadudu, wakamwambia aondoke kabla jua halijazama, asije akadai na mbuzi. Na kando ya mzee Bartholomayo alikuwepo kijana mmoja aliyecheka kuliko wote, akawa anafuata nyuma yao njiani anabana pua: "Lihemba wa usipa! Lihemba wa usipa!" Rodrick hakugeuka. Lakini Herieth aligeuka, na ule uso hakuusahau. Leo ulikuwa umenenepa na kuota mvi, umesimama mbele yake unamwita dada.

"Turudi juu," alisema.

Wakarudi. Raimundi naye akaruka kijito akafuata, hakuna aliyemwalika. Herieth alifika uwanjani akasimama kando ya jeneza, akaweka mfuko wa nguo juu ya kifuniko, mkono juu ya mfuko.

"Mwenyekiti, upo? Katekista, upo? Na nyie nyote mliokuja kuzika, nisikilizeni, kisha nitaomba mnipishe."

"Shangazi," alisema Frederick, amemshika mkono. "Shangazi, nakuomba. Usiseme."

Akautoa mkono.

"Huyu aliyelala hapa si wa mlima huu. Babu yetu alizaliwa ziwani, jina lake Chiwela. Alipanda huku kuchuma kahawa za watu. Akakaa misimu, akashuka na jembe na shuka, watu wa kijijini wakawa wanamwita yule wa Lihemba, kwa sababu ndiko alikotoka. Alipopeleka watoto shule ya misheni mwalimu akauliza hawa wa nani, wakasema wa yule wa Lihemba. Akaandika. Imekwisha. Hatukuzaliwa na mlima, tulitajwa nao tu. Hata tone moja la damu yenu hatuna."

Minong'ono ikapanda. Mansuetus akainua fimbo kutuliza watu, akatabasamu tabasamu la huruma.

"Mmeona wenyewe. Mama ana uchungu, uchungu unamsemesha. Jamani, mtu anaitwa Lihemba, amekuja kuzikwa Lihemba, kuna swali hapo?"

"Wewe ulikuwepo, Mansuetus!" Sasa sauti ya Herieth ilitoka yote, sauti ya mtu aliyezoea kuita mitumbwi upepo ukivuma. "Ulikuwepo! Baba yako aliposema tumeokota, ulicheka. Ulitufuata njiani na pua umeibana! Tulipokuwa na njaa hatukuwa damu. Leo ndugu yangu amekuwa maiti, amekuwa damu! Ninyi mnapenda Lihemba wa ziwani akiwa amekufa tu?"

"Sikumbuki kitu kama hicho."

"Hukumbuki!"

Mlangoni mwa nyumba, kwenye mkeka, alikuwa amekaa Bibi Ottilia, mama yake Mansuetus, mzee kupita kiasi, masikio yake yanasikia anachotaka. Mpaka saa hiyo alikuwa akimung'unya mdomo akisubiri kuletewa chakula. Neno ziwani lilimgutua.

"Nani hao? Wa usipa?"

"Mama, pumzika," alisema Mansuetus haraka.

"Ndiyo wale wa usipa!" Bibi akaangaza, amefurahi kama mtu aliyepotelewa na kitu akakipata. "Babu yao alikuwa kibarua wetu! Mama mkwe wangu alikuwa ananisimulia, mtu mfupi, ananuka samaki, analala na mbuzi. Alikuwa mchapakazi yule. Hee, watoto wake ndio hawa? Mmewaleta kuchuma? Kahawa imeiva?"

Fimbo ya Mansuetus ikashuka taratibu. Kisha Raimundi akapiga kofi mara moja.

"Mwenyekiti, umesikia kwa masikio yako! Kibarua! Wanamzika kibarua bondeni kwangu halafu wasema ni ukoo. Tena nawaambia, mzikeni! Mzikeni sasa hivi! Wiki ijayo nitaliambia baraza: tazameni, hapa alizikwa mgeni asiye na ardhi, kwa sababu hata wao wanajua hapa si ntambo wao. Mtu wao hasa wangemweka juu, kwenye chokaa!"

Ungeona wazee wa Lihemba walivyogeuka. Vichwa vikakutana chini ya turubai, midomo inakwenda mbio, na neno likawa linapita kutoka sikio hadi sikio. Dakika chache tu nyuma walikuwa wakimlilia Meshack kama pacha wao. Sasa walilitazama lile jeneza kama mtu anavyotazama nyoka aliyemkuta kitandani.

Mansuetus akaja amekunja uso. Dada ilikuwa imekwisha.

"Basi mchukueni. Mtoeni uwanjani kwangu. Hatuziki watu tusiowajua."

"Asante," alisema Herieth. "Hilo ndilo neno la kwanza la kweli ulilosema leo."

"Na jeneza je?" akauliza kijana mmoja wa ukoo. "Si la ukoo?"

Hata Mansuetus aliona aibu. Lakini Herieth alikuwa ameshapaa.

"Mnalitaka? Njoo wewe. Njoo mwenyewe, ufungue, umtoe kaka yangu kwa mikono yako umlaze kwenye vumbi, halafu ubebe sanduku lako. Njoo basi! Mbona umesimama?"

Hakuna aliyekuja. Kijana akajificha nyuma ya wenzake, na mmoja wao akamsonya.

Frederick alivua koti. Hakulikunja, alilitupa tu juu ya benchi. Macho yalikuwa mekundu. "Umefurahi?" alimwambia shangazi yake. "Umenifukuza. Huku si kwangu, na jina si langu. Nitajiita nani sasa?"

"Utajiita mtu aliyemzika baba yake. Shika upande ule."

Watu wawili hawawezi jeneza. Wanaume wa mlimani wakawa wameangalia kahawa, wameangalia mawingu. Raimundi akasogea, kofia mkononi, sauti laini.

"Mama, mimi nina pikapu. Nakushusha mpaka ziwani, huchangii hata mafuta. Jambo moja tu. Wiki ijayo upande, useme haya haya mbele ya baraza."

Herieth alimtazama juu mpaka chini.

"Wewe na Mansuetus," alisema, "mnastahili kunyimana hilo bonde mpaka mfe wote. Yeye kamtaka kaka yangu akiwa maiti awe shahidi. Wewe unanitaka mimi nikiwa hai. Ondoka mbele yangu."

"Nilikuwa nasaidia tu."

"Ondoka!"

Ndipo Emiliana, mke wa Mansuetus, alipotupa mwiko ndani ya sufuria. Alikuwa amepika tangu alfajiri, kitambaa cheusi kichwani, hajasema neno lolote.

"Mtu hatupwi uwanjani mwangu kama kuku aliyekufa," alisema. "Simameni, akina mama."

"Emiliana!" Mansuetus akafoka. "Hayo si ya kwenu!"

"Na lini yalikuwa ya kwetu? Hilo jina lenu sijawahi kupewa, nimelipikia tu."

Wakainuka. Mmoja alizaliwa Kitura, mwingine Mkumbi, wengine vijiji vya kati, wote wameolewa pale na hakuna hata mmoja aliyezaliwa na jina la mlima ule. Wakafunga khanga viunoni, wakalinyanyua jeneza pamoja na Frederick, wakaanza kupanda kwenda barabarani. Herieth mbele. Nyuma yao sauti ya Mansuetus ilikuwa bado inasikika, sasa anagombana na mwenyekiti juu ya lile shimo bondeni, nani alifukie na litafukiwa na nini, na Raimundi anajibu kwa kicheko kwamba humo ulazwe mgomba badala ya maiti, mgomba nao upewe jina.

Barabarani walisubiri. Magari mengi yalipita, mengine yalipunguza mwendo yakaona jeneza yakaongeza. Mwisho likasimama lori lililokuwa limepandisha mpunga, linarudi tupu kuelekea Mbamba Bay. Dereva akakuna kichwa, akasema maiti ni mkosi kwenye gari, Emiliana akamwambia mkosi ni yeye, na baada ya hapo akafungua mlango wa nyuma. Wanawake wakapandisha. Emiliana akamshika Herieth mkono, akataka kusema kitu, Herieth akamtikisia kichwa: usiseme, nitalia, na sina nafasi. Wakaachana hivyo.

Nyuma ya lori walikaa wawili tu, Herieth upande mmoja wa jeneza, Frederick upande wa pili. Kwenye tambarare za juu upepo ulimpiga kijana, sasa hana koti, ameingiza mikono kwapani anatetemeka.

"Mibuni ile ingezaa mwaka huu," alisema mwishowe, kama anaongea na mbao.

"Ingezaa kesi."

"Wewe hujui. Wewe hujawahi kutaka kitu."

"Sijawahi?" Herieth alimgeukia. "Mimi nilitaka mahindi, Frederick! Nilikuwa mtoto, nina njaa, nilitaka mahindi tu, nikapewa jina la kejeli nikashuka nalo mlima huu kwa miguu. Usiniambie sijawahi kutaka!"

Frederick akafungua mdomo kujibu, na hapo lori likaanza kuteremka. Miteremko ya kwenda ziwani haina mchezo. Kona ya kwanza jeneza likateleza juu ya mbao zenye punje za mpunga, likaja kwa kasi upande wa Herieth, likamgonga goti. Akaliegemea kwa mabega yote mawili. Kona ya pili likarudi upande wa pili.

"Shika!" akapiga kelele.

Frederick alitupa miguu ukutani mwa bodi, akalipokea kwa mgongo. Meno yalikuwa yamekazwa, machozi yanamtoka, haijulikani kama ni ya baba yake au ya shamba. Alikuwa anamtazama shangazi yake kwa chuki ya wazi kabisa.

"Usinitazame mimi!" alisema Herieth. "Tazama jeneza. Kona inakuja. Shika!"

Akalishika.